Dohani yangu inaharibu nyumba nzima: tekscha ya matofali haikai na kona hazikutani

mchora_nyumba

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaotumia SketchUp au programu yoyote ya kuchora nyumba kwa 3D. Nna nyumba yenye paa la mteremko wa pande mbili, sebuleni kuna meko ya kuotea moto na dohani inatokea juu ya paa. Nyumba yenyewe imetulia, kuta safi, madirisha safi, ila jicho likifika tu kwenye dohani basi mchoro wote unaonekana wa kitoto.

Nilichofanya ni kuchora boksi pembeni, nikaligeuza grupu, nikalishusha juu ya paa nikamwaga tekscha ya matofali niliyodaunlodi. Matofali yakaja makubwa ajabu, yaani upande mzima yanaonekana machache tu. Nikapunguza ukubwa wa boksi nikakuza tena, sasa upande mmoja yanakaa vizuri kiasi lakini ukizunguka kona mistari ya mota (saruji kati ya tofali na tofali) haieleweki, tofali linaanzia popote linapojisikia. Nikitaka kuisogeza tekscha naambiwa raiti kliki uende Texture alafu Position, mimi hiyo menyu siioni kabisa.

Alafu kuna lingine, nimezungushia bati la kuzuia maji pale dohani inapokutana na paa, sasa nikizungusha kamera lile bati linametameta, mara lionekane mara lipotee. Na urefu wa dohani juu ya paa mnapimaje? Mi nimekadiria kwa macho tu.

tofali_moja

Mkuu umechanganya mengi kwa pamoja, ngoja nianze na la menyu maana ndo rahisi. Menyu haitokei kwa sababu umepaka grupu kwa nje. Grupu likiwa limefungwa ukalipaka, nyuso za ndani zinabaki na rangi ile ya asili ya programu, zinaazima tu tekscha ya grupu, kwa hiyo hakuna uso wenye tekscha yake ya kusogeza. Bonyeza mara mbili uingie ndani, paka kila uso wenyewe, alafu raiti kliki juu ya uso utaiona Texture. Zikitokea pini za rangi, nyekundu ni ya kusogeza, kijani ni kuzungusha na kukuza, ya bluu na ya njano usiziguse maana zinapinda picha na dohani haitaki kupindwa.

Sasa ukubwa. Programu haijui tofali ni nini, inajua tu picha yako imeambiwa ina upana gani, na ukiidaunlodi upana huo ni wa kubahatisha. Usihangaike kukuza na kupunguza boksi, boksi halina kosa. Fungua ile picha uhesabu kuna matofali mangapi kwa upana na kozi (mistari ya matofali) ngapi kwenda juu. Tofali la kawaida la Uingereza ni mm 215 kwa 102.5 kwa 65, na mota ya mm 10, kwa hiyo kila tofali pamoja na mota yake linakula 225 kwa upana na 75 kwenda juu. Picha yenye matofali manne kwa upana na kozi 12 inakupa 900 kwa 900, mraba kamili, hiyo 900 ndo unaiandika kwenye sehemu ya kuedit materia. Tofali la kawaida la Marekani (wanaliita modular) hesabu yake ni inchi 8 kwa upana pamoja na mota, na kozi tatu zinaleta inchi 8 kwenda juu. Kama unachora nyumba ambayo ipo kweli basi chukua futi ukapime tofali lenyewe, matofali yanatofautiana sana.

Hapo sasa ndo tuje kwenye kitu ambacho wengi wanakiruka. Ukishajua tofali lako ni ngapi, ipangie dohani vipimo kutokana na tofali, usifanye kinyume chake. Watu wanachora dohani ya 600 au 700 kwa sababu ni namba nzuri, alafu wanashangaa pembeni kabakia kipande cha tofali chembamba ambacho hakuna fundi angekikata. Upana wa matofali matatu ni mara tatu 225 ukatoe mota moja ya mwisho, yaani 675 kutoa 10, unapata 665. Matofali mawili na nusu ni 552.5. Chora dohani ya 665 kwa 665 uone tofauti, kabla hata hujagusa kona.

Kona zenyewe ziko hivi. Kwenye ukuta wa kweli tofali linaloonekana refu upande wa mbele, ukizunguka kona unaona kichwa chake tu, nusu. Kwa hiyo kozi inayoanza na tofali zima mbele lazima ianze na nusu ubavuni, na kozi inayofuata inageuka. Kwa dohani ya 665 inakubali bila shida: kozi moja ni zima zima zima, ya juu yake ni nusu zima zima nusu, hesabu zote mbili zinatoka 665. Cha kufanya weka tekscha uso wa mbele, ukingo wa tofali uguse ukingo wa dohani (tofali, sio mota!), uso wa nyuma ufanye hivo hivo, alafu nyuso za ubavuni weka hiyo hiyo ila isogeze juu kwa kozi moja, mm 75 tu. Basi, kona zinakutana zenyewe. Ujanja huu ni kwa mpangilio ule wa kawaida wa matofali kupishana nusu kwa nusu, mipangilio mingine ya urembo ina hesabu yake.

Angalizo dogo, usitumie ile njia ya kunyonya tekscha uso wa kwanza na kuimwaga uso wa pili ili iendelee yenyewe kuzunguka kona. Kwa plasta au mawe ya hovyohovyo ni nzuri sana, kwa matofali inakupa tofali lililokunjwa kwenye kona, nusu huku nusu kule, jicho linalikataa hata kama mtu hajui kwa nini.

KivuliNaMwanga

Mdau hapo juu kaeleza vizuri sana na sina ubishi na hesabu zake, ila mimi naona mnaanzia mwisho. Dohani kwenye picha ya nyumba nzima inaonekana ndogo, mtazamaji hahesabu kozi. Anachokiona ni umbo na kivuli. Na boksi tupu lenye tekscha kamilifu bado litaonekana kama boksi la viatu lililosahauliwa juu ya paa.

Dohani za matofali nyingi hazipandi wima mpaka mwisho zikakatika. Karibu na juu kuna kozi kama mbili tatu zilizotokeza nje kidogo kidogo, kila moja imezidi ya chini yake, kisha juu kabisa kuna kifuniko cha zege chenye mteremko kuelekea nje ili maji yasituame, na kifuniko hicho kinatokeza kupita matofali ili maji yadondoke mbali na ukuta. Juu ya zege ndo unaweka vyungu vya udongo au bomba la kutolea moshi. Hivyo vitu vitatu tu, matofali yaliyotokeza, zege na chungu, vikipigwa na jua la pembeni vinatupa mistari ya kivuli ambayo inafanya kazi kubwa kuliko tekscha yoyote.

Kuvichora ni dakika chache. Kwa kozi zilizotokeza chagua uso wa juu, tumia Offset kwenda nje kama mm 25 hivi, vuta juu mm 75 ambayo ni kozi moja, rudia. Chungu chora nusu ya umbo lake likiwa limekatwa ubavuni alafu tumia Follow Me kwenye duara. Duara linakuja na pande 24 na zinatosha kabisa, usipandishe mpaka 96 eti ili liwe laini, hilo chungu liko juu ya paa hakuna atakayelisogelea na faili litakuwa zito bure.

Na usisahau tundu. Watu wanaacha juu pamezibwa! Choma shimo ndani ya chungu hata nusu mita tu kwenda chini, paka uso wa ndani rangi nyeusi iliyopauka, yatosha.

tofali_moja

Kivuli umenena kuhusu umbo lakini hapo pa "mtazamaji hahesabu" sikubali mzee. Hahesabu ila anapima bila kujua. Tofali ni kipimo ambacho kila mtu ameshakishika mkononi, likiwa kubwa mara mbili nyumba nzima inaonekana ndogo kama ya wanasesere. Ndo maana jamaa analalamika dohani inaharibu nyumba nzima, sio dohani peke yake. Ila ukiwa mbali sana, yaani ule mwoneko wa kutoka juu wa eneo lote, hapo nakubaliana na we kabisa, weka rangi moja ya wastani ya matofali na uachane na tekscha, maana kwa mbali mistari ya mota inaanza kucheza cheza na kutoa mawimbi ya ajabu.

mchora_nyumba

Aisee asanteni. Nimeingia ndani ya grupu menyu ikatokea hapo hapo. Nimepima picha yangu ina matofali manne na nusu kwa upana, sasa hii nusu naifanyaje? Na tofali_moja nimefanya 665 na kusogeza kozi moja ubavuni, kona zimekaa sijaamini.

Bado naomba anayejua mambo ya urefu na lile bati.

tofali_moja

Manne na nusu ndo tatizo, hiyo picha haikukatwa vizuri. Ikijirudia utaona kila baada ya manne na nusu mpangilio unaruka, matofali mawili yanalingana pale yalipotakiwa kupishana. Ikate kwenye programu yoyote ya picha ibaki na matofali kamili kwa upana na idadi ya kozi inayogawanyika kwa mbili kwenda juu. Ukikata anzia mwanzo wa tofali uishie mwisho wa mota, sio mota na mota pande zote mbili maana zikikutana utapata mota nene. Picha ya pikseli 1024 kwa eneo la mm 900 inaipa mota ya mm 10 kama pikseli 11, kwa dohani hiyo ni zaidi ya kutosha.

paa_mteremko

Kuhusu urefu, usikadirie kwa macho. Kanuni ya ujenzi wa makazi ya Marekani ndo wengi wanaichukua kama kianzio hata kwenye michoro tu, inasema dohani ipande angalau futi 3 kutoka pale inapotokea kwenye paa (pembe ya juu ya mteremko, sio ya chini) na pia iwe juu kwa futi 2 kuliko sehemu yoyote ya jengo iliyo ndani ya futi 10 kutoka ilipo. Kwa mita ni kama 0.9, 0.6 na 3. Sababu yake ni upepo, ukipita juu ya kilele cha paa unajipinda ukashuka, dohani fupi inaurudisha moshi ndani. Kama ni jengo la kweli basi fuata kanuni za mahali linapojengwa.

Sasa piga hesabu kwa mfano. Paa la nyuzi 30, dohani iko mita 2 kutoka kilele ukipima kwa mlalo (sio kufuata mteremko). Kilele kiko juu kwa mita 2 mara 0.577, yaani karibu mita 1.15, ongeza 0.6 unapata 1.75. Watu wengi wanachora nusu ya hapo, ndo maana dohani zao zinaonekana zimezama. Ikiwa dohani ipo pale pale kwenye kilele basi 0.9 inatosha, na hii ni sababu mojawapo nyumba nyingi dohani zake ziko karibu na kilele, unajenga matofali machache nje kwenye mvua na upepo.

Bati linametameta kwa sababu liko kwenye bapa moja na uso wa paa. Kadi ya picha haijui ipi iko mbele, kila ukisogeza kamera inachagua nyingine. Nyanyua bati mm 3 hadi 5 kutoka kwenye paa, litatulia. Usilipe unene mkubwa, bati ni jembamba, ukilipa sentimita tano litaonekana ni ubao.

Na kama unataka lionekane la kweli usichore fremu moja ya kuzunguka. Upande wa chini wa mteremko ni kipande kimoja kipana kinacholala juu ya paa na kupanda ukutani kama mm 150. Ubavuni bati linapanda kwa ngazi kufuata kozi, kila kidato kinaingia kwenye mstari wa mota, na hapa ndo utamshukuru tofali_moja, maana kama kozi zako ni 75 kamili ngazi zinakaa zenyewe juu ya mistari ya tekscha. Upande wa juu maji ya paa yanakuja kugonga dohani, kwa hiyo kama dohani ni pana wanajenga kipaa kidogo cha pembetatu nyuma yake cha kugawa maji kulia na kushoto. Ile kanuni ya Marekani inakitaka dohani ikizidi inchi 30 kwa upana sambamba na kilele, kama sm 76, na ikiwa haijakata kilele. Ya kwako ni 66.5 hivyo unaweza kukiacha, ila kinapendeza kweli kwenye picha ya kutokea nyuma.

Kingine, dohani isianzie juu ya paa. Ianzie chini kwenye meko, ipite dari, itokee. Ukifanya hivo utagundua mapema kama inapita katikati ya chumba cha juu au inagonga kenchi, na mbao zinatakiwa ziachane na dohani ya matofali iliyo ndani ya nyumba kwa inchi 2 hivi kwa sababu ya moto. Nimeona michoro mingi ambayo meko iko ukuta huu na dohani inatokea ukuta ule, bomba limepita wapi sijui. Na usije ukachora mstatili moja kwa moja kwenye uso wa paa ukaubonyeza Push/Pull, kile kifaa kinavuta kwa pembe mraba na uso, dohani itainama kufuata mteremko.

nukta_pacha

Na sisi wa Sweet Home 3D jamani msitusahau. Kule ukitaka dohani ya matofali bila kuhangaika, tengeneza leveli mpya juu, alafu chora kuta nne fupi zilizofungana ziwe ndo dohani. Nasema kuta kwa sababu ukiingiza picha ya tekscha programu inakuuliza picha ina upana na urefu gani kihalisia, ukiandika sm 90 kwa 90 basi ukutani inakaa kwa kipimo hicho hata ukibadilisha urefu wa ukuta, haivutiki. Matoleo ya karibuni yana na sehemu ya kuizungusha na kuisogeza. Kifuniko na vyungu chora kwenye programu nyingine uingize kama fanicha, ukitoa OBJ kutoka Blender ifunge zip pamoja na faili la MTL na picha zake, vinginevyo inakuja nyeupe.

Kwa wa Blender wenyewe, tekscha ikivutika mara nyingi ni kwamba ulikuza boksi ukiwa nje ya edit modi. UV (ramani ya jinsi picha inavyokaa kwenye nyuso) haziongezeki pamoja na boksi, zinabaki zilivyokuwa. Bonyeza Ctrl+A uchague Scale, ingia edit modi, chagua vyote, U alafu Cube Projection. Na ile normal map, picha ya rangi ya zambarau ya kuigiza mabonde ya uso, ukiiunganisha kumbuka kuiweka Non-Color, ukiiacha ilivyo mota itaonekana imevimba kimakosa na utalaumu taa bure.

mchora_nyumba

Wakuu sina la kusema. Nimeishusha dohani mpaka kwenye meko nikakuta kweli ilikuwa inapita juu ya mlango wa bafu la ghorofani, nimehamisha meko. Urefu sasa ni 1.75 na nyumba imekuwa nyingine kabisa.

La mwisho, imekuwa safi mno, inaonekana imejengwa leo asubuhi. Nikitaka ionekane imeshakaa miaka kadhaa naongeza nini? Nilijaribu tekscha ya matofali machafu, ikajirudia yale madoa yote mahali pamoja kila baada ya 900.

KivuliNaMwanga

Hiyo ndo shida ya uchafu uliopikwa ndani ya picha, doa moja tu lenye sura linaonekana kila linaporudia. Tekscha ya matofali iache safi na yenye rangi zinazokaribiana, uchafu uweke juu yake kama kitu tofauti. Kwenye SketchUp tengeneza picha ya PNG yenye uwazi, iweke kwenye uso mwembamba uliosogezwa mm 3 mbele ya matofali kama paa_mteremko alivyosema kuhusu bati, uondolee mistari ya ukingo na uuzuie usitupe kivuli. Kwenye Blender ni rahisi zaidi, changanya rangi mbili kwa kutumia urefu wa Z.

Ila uchafu uwe na sababu. Masizi yako kwenye mdomo wa chungu na juu ya zege, hayashuki mpaka kwenye paa. Chini kidogo ya kifuniko matofali yanabaki makavu na safi kwa sababu yamekingwa. Chumvi nyeupe inatokea pale maji yanapoingia kwenye matofali na kukauka, weka mabaka machache tu yasiyolingana. Kuvu na ukijani ni upande usiopata jua, kwa hiyo angalia kwanza jua la mchoro wako liko wapi kabla hujapaka, nimeona dohani zenye kuvu upande unaopigwa jua kutwa nzima.

Ukimaliza igeuze komponenti uihifadhi pembeni, ila kabla ya kuitumia kwenye nyumba nyingine angalia mteremko wa paa, zile ngazi za bati hazitakaa kwenye paa la nyuzi tofauti, itabidi uzichore upya.